Nusu ya Chupa Iliyobaki

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Msicheke, wadogo zangu. Sikustaafu uuguzi, kesho asubuhi nitakuwa wodini nikitafuta mshipa kwenye mkono wa mtu. Nilichostaafu ni kazi ya kutunga maswali ya mtihani wa mwisho, ule ambao bila kuupita huwezi kumgusa mgonjwa kwa jina lako mwenyewe. Niliifanya kazi hiyo miaka mitano hapa Likasi, nikaiacha kwa hasira, na hasira yenyewe bado ninayo. Walioniomba niwaandikie nyinyi mnaojiandaa na mtihani huo walitaka mawaidha. Sina mawaidha. Nina kisa cha nusu ya chupa ya dawa, na mambo machache niliyojifunza kwa aibu.

Kamati yetu sitaitaja jina, wala shule yoyote. Tulikuwa wanne. Kulikuwa na mwenyekiti wetu, aliyependa kuitwa Prezida, mwenye kalamu tatu mfukoni ambazo sikuwahi kumwona akizitumia zote. Kulikuwa na Mama Odile, mwalimu wa anatomia, mwanamke mkarimu aliyeamini kwamba mtu akijua majina ya mifupa yote, mengine yatakuja yenyewe. Kulikuwa na Papa Ilunga, muuguzi mzee wa mtaa wetu wa Panda, aliyeanza kazi wakati kampuni ya migodi bado inawapa wafanyakazi wake nyumba, unga na hospitali. Halafu mimi, katibu. Nilichukuliwa kwa sababu nilitoka chuo kikuu na nilijua kutumia kompyuta. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wamenipa jina: Mama Juu-ya-Nini. Kwetu hivyo ndivyo watu wanavyouliza sababu ya jambo, na mimi nilikuwa nauliza kila siku.

Maswali yalikaa kwenye kabati la chuma katika ofisi ya zamani ya karakana, Panda. Ufunguo alikuwa nao Papa Ilunga. Ndani kulikuwa na mafaili, na ndani ya mafaili kulikuwa na maswali ya miaka yote. Wengi wenu mnadhani mtihani hutungwa kila mwaka na watu wanaokuna vichwa. Hapana. Sisi tulikuwa tunapika. Kupika ni kutoa swali la zamani, kumbadilisha mgonjwa kijiji, kumwongeza au kumpunguza kilo, na kulirudisha mezani likiwa jipya. Mtoto wa Kambove mwenye kilo kumi na mbili anakuwa mtoto wa Kamatanda mwenye kilo kumi. Mwaka unaofuata anahamia ziwani. Kulikuwa na mgonjwa mmoja, Bwana X, mchimbaji wa miaka arobaini na mitano mwenye kikohozi, ambaye alikuwa na miaka arobaini na mitano tangu kabla sijazaliwa.

"Huyu Bwana X bado hajapona?" niliuliza siku yangu ya kwanza.

"Akipona," alisema Papa Ilunga bila kuinua macho, "siye tutafanya kazi gani?"

Nilimpenda siku hiyohiyo, na ninawaambia mapema ili msije mkafikiri kwamba katika kisa hiki yeye ndiye mtu mbaya. Kila kitu kizuri ninachokijua kuhusu kutunga maswali amenifundisha yeye. Kwa mfano, swali la kuchagua kati ya majibu manne. Majibu matatu lazima yawe ya uongo, na mimi nilikuwa nayatunga mezani, ya kuchekesha, ambayo hata mpishi wa hospitali asingeyachagua. Papa Ilunga aliyafuta yote.

"Jibu ya uongo hautunge mu kichwa, mama," alisema. "Uende mu wodi, uangalie makosa yenye batoto banafanya kweli. Uikamate, uiandike. Muntu akichagua ile, njo utajua haiko tayari."

Kwa ushauri huo nilianza kubeba daftari dogo. Lilikuja kuwa jambo la maana kuliko shahada yangu. Mtu akiwauliza mtihani mzuri unatengenezwa vipi, jibuni hivyo: nenda kwa muuguzi aliyepata diploma mwaka jana, kaa naye siku nzima, andika kila anachokifanya kwa mikono yake, kisha rudi uulize juu ya hicho na si juu ya kile ulichokisoma wewe ukiwa kijana. Mnaona ni jambo rahisi. Mimi ilinichukua miaka minne kuruhusiwa kulifanya.

Sasa niwaambie kuhusu swali namba saba.

Namba saba ndilo lililokuwa na alama nyingi kuliko yote. Mtoto wa kilo kumi ana malaria kali, amezimia, hawezi kunywa. Eleza matibabu na uhesabu matone. Jibu la kabatini lilikuwa kwinini ndani ya serum ya gulukosi, yaani dripu, mililita mia moja, saa nne. Unazidisha mia kwa ishirini, maana mililita moja ni matone ishirini, unagawanya kwa dakika mia mbili na arobaini, unaacha desimali, unapata matone manane kwa dakika. Wanafunzi wote wa Likasi walijua kwamba jibu ni manane. Niliwahi kuwasikia wakiliimba kwa sauti njiani wakienda shuleni, kama watoto wa msingi wanaoimba majina ya siku.

Shida ni kwamba katika vituo vya afya kwinini haikuwa tena dawa ya kwanza. Ilikuwa artesunate, ya sindano. Mnaijua, au mnapaswa kuijua: kijisanduku chenye chupa ndogo ya unga na ampule mbili za maji. Maji ya kwanza yanayeyusha unga. Unatikisa, unangoja yawe safi kama maji ya kunywa. Ndipo unaongeza maji ya pili, unavuta kipimo kulingana na kilo za mtoto, unamchoma polepole. Haitundikwi. Haina matone ya kuhesabu. Na kinachobaki kwenye chupa unakitupa, kwa sababu baada ya saa moja hakifai tena. Sindano ya pili, baada ya saa kumi na mbili, inataka chupa mpya.

Mwaka wangu wa nne, wakati wa kusahihisha, niliipata karatasi ya mtahiniwa mmoja. Karatasi hazina majina, zina namba tu. Mwandiko ulikuwa mdogo, umeinama kidogo. Kwenye namba saba hakuandika kwinini. Alieleza kijisanduku, hatua kwa hatua, na mwishoni akaandika: "Nusu inayobaki nitaitupa, hata kama mama wa mtoto atanililia niitunze." Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Huyu alikuwa amesimama mbele ya mama wa kweli.

Nikaitazama karatasi ya majibu. Kwinini, gulukosi, matone manane.

Nikaweka sifuri.

Mimi ndiye niliyeiweka, kwa kalamu nyekundu, nikiwa najua. Nilijiambia kwamba kanuni ni kanuni, kwamba msahihishaji habadilishi karatasi ya majibu akiwa peke yake, kwamba nitaleta hoja kikaoni. Hoja niliileta. Prezida alisema tumechelewa, matokeo yanasubiriwa. Mtahiniwa huyo alianguka kwa alama chache, pungufu ya zile ambazo namba saba ingempa, na mimi kama katibu nikatia sahihi kwenye orodha. Watu huniuliza kwa nini nina hasira kiasi hiki na wazee wa kamati. Nina hasira nao, ndiyo. Lakini wino mwekundu ulikuwa wangu.

Niliposumbua sana walinipa ruhusa ya kwenda vituoni na daftari langu, nafikiri ili wapumzike. Nilizunguka nikiwa nyuma ya pikipiki, na kituo cha mwisho kilikuwa kando ya Ziwa Tshangalele, katika kijiji cha wavuvi ambako hata mapazia ya wodi yananuka samaki. Mkuu wa kituo alikuwa Mama Ngalula, mwenye asili ya Kasai kama mimi, na kabla hajaniuliza nimetumwa na nani alikuwa ameshaniwekea bukari, ugali wetu, mezani. Alikuwa na muuguzi mpya mmoja, kijana aitwaye Trésor, aliyepita mtihani wetu mwaka uleule. Nilikuwa nimeangalia alama zake kabla ya safari: kwenye namba saba alipata zote. Matone manane.

Nilikaa naye asubuhi nzima nikiandika. Alikuwa mpole, msafi, mwenye haraka ya kusaidia. Wodini kulikuwa na mtoto mmoja mwenye malaria kali, amelazwa tangu juzi yake, na mama yake ameketi kwenye ukingo wa kitanda akimpangusa uso kwa kitambaa. Trésor alikwenda kabatini akarudi na chupa ndogo ya artesunate iliyofungwa kwa plasta. Juu ya plasta ameandika jina la mtoto kwa herufi nzuri.

"Hiyo ni ya lini?" niliuliza.

"Ya jana asubui, mama. Mutoto iko na kilo kumi. Nilitumia nusu, nikabakisha nusu ya leo." Alifurahi kuulizwa. "Bisanduku hapa biko kidogo sana. Siwezi kutupa dawa ya bantu."

Nilimwomba aiweke chini. Nilimwomba kwa sauti ya kawaida kwa sababu mama wa mtoto alikuwa anatutazama. Mama Ngalula alikuja, akaichukua chupa, akaona plasta, akafumba macho kidogo. Alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka kwenye chanjo ya kijiji cha pili. Kwa siku mbili alizokuwa huko Trésor alikuwa peke yake. Sindano ya juzi asubuhi ilikuwa mpya, ya juzi jioni ilikuwa nusu iliyobaki, ya jana asubuhi mpya, na sasa alikuwa karibu kuchoma nusu nyingine iliyolala. Mtoto alikuwa hajafumbua macho. Mama Ngalula alifungua kisanduku kipya, akachoma mwenyewe, kisha tukampakia mama na mtoto kwenye pikipiki iliyonileta, kwenda hospitali ya Likasi, na mimi nikabaki ziwani mpaka kesho yake.

Mtoto aliishi. Nawaambia sasa ili msisome mengine mkiwa na roho juu. Lakini ilichukua miezi mingi kabla hajaweza kushika kikombe bila kumwaga.

Jioni ile Trésor aliketi kwenye ngazi ya kituo. Nilitaka kumkasirikia, sikuweza. Nani alimfundisha? Tulimpa alama zote kwa dawa ambayo haimo kabatini mwake, na juu ya ile iliyomo hatukumwuliza hata neno moja. Na katika nyumba zetu, niambieni, nani alilelewa akitupa nusu ya kitu kizima? Kwetu Panda hata maji ya kuoshea mchele yalikuwa na kazi. Mtoto wa Likasi akipewa chupa yenye nusu ataifunika. Ndiyo maana swali la mtihani lilipaswa kumkamata hapo, kwenye kalamu na karatasi, kabla hajafika kitandani kwa mtu.

"Mwaka jana nilikuwa na mutoto mwanamuke hapa, wa stage, alikuwa anajifunza kazi," alisema Mama Ngalula akiwa anaosha mikono. "Furaha, wa Kamatanda. Ile alikuwa anatupa, ata bamama banalia. Alikuwa anabaambia, mama, hii sasa ni maji tu. Ule njo muganga, muganga wa kweli." Akafunga bomba. "Banasema alianguka mutihani. Huyu alipita. Nyiye kule munapimaka nini?"

Nilijua tayari mwandiko mdogo ulioinama ulikuwa wa nani.

Furaha alikuja kwangu Panda wiki chache baadaye. Mama Ngalula alikuwa amempa jina langu. Msichana mwembamba, kucha zimekatwa mpaka mwisho. Mwaka ule aliokuwa anasubiri kurudia mtihani alikuwa anauza maandazi na chai karibu na machimbo ya Kamatanda, pamoja na mama yake, na watu wa kanisa lao walikuwa wameanza kumwombea kama mtu mwenye ugonjwa. Hakuketi mpaka nilipomwambia mara ya pili.

"Yaya," alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa, "sikuja kulalamika. Niko na swali moja tu. Mwaka huu niandike nini?"

"Kuhusu nini?"

"Yaya unajua kuhusu nini. Minye najua matone nane. Kila muntu anajua. Naweza kuandika nane, nipite, nikifika kazini nifanye yenye iko kweli. Ao niandike yenye iko kweli, nirudie kuuza chai. Mama yangu anasema niandike nane. Pasta anasema niandike nane. Wewe unasema nini?"

Mimi, Mama Juu-ya-Nini, sasa nilikuwa ninaulizwa. Mjumbe wa kamati haruhusiwi kumwambia mtahiniwa chochote, na hilo ni sahihi, silipingi. Lakini hakuwa ananiomba swali. Alikuwa ananiuliza kama aseme uongo ili aruhusiwe kufanya kazi ya ukweli. Nikisema nane, nimemfundisha kwamba mtihani ni mlango wa kupitia ukiwa umeinama. Nikisema ukweli, mwaka wake mwingine uko mikononi mwa Prezida na kabati lake.

"Andika unachokifanya ukiwa mbele ya mgonjwa," nilisema.

"Na nikianguka tena?"

"Sijui."

Aliangalia mikono yake. "Aya, Yaya," alisema, akaenda. Sijawahi kutoa ushauri mbaya zaidi kwa gharama ya mtu mwingine. Kuanzia siku hiyo mambo ya namba saba hayakuwa tena hoja ya kikao kwangu. Ilikuwa ama nishinde, ama msichana yule auze chai mwaka mwingine kwa sababu alinisikiliza.

Nilipeleka ripoti yangu: vituo, daftari, kile ambacho wauguzi wapya wanakifanya kila siku na ambacho mtihani haukitaji. Kwa siku chache nilidhani nimeshinda. Prezida aliniambia kwa furaha kwamba wamekubali, namba saba sasa ni artesunate, nije tu niipige chapa. Nilifungua faili.

Walikuwa wamepika. Neno kwinini lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, juu yake limeandikwa artesunate. Mtoto alikuwa amehamishwa kijiji. Mengine yote yalibaki: gulukosi, mililita mia moja, saa nne, hesabu matone. Jibu: manane.

Nawaomba mlitazame hilo vizuri. Hawakuwa watu wavivu, wala hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na njia yao ya kufanya kazi, na njia hiyo ilijua kufanya kitu kimoja tu, kubadilisha jina na kuacha mengine. Kwa hiyo walibadilisha dawa jinsi walivyozoea kubadilisha kijiji. Sasa swali halikuwa limepitwa na wakati tu. Lilikuwa linamfundisha mtu kosa, na kumpa alama kwa kulifanya.

Nilikataa kupiga chapa. Prezida aliitisha kikao.

"Mama Juu-ya-Nini," alianza, "umeomba artesunate, tumekupa artesunate. Sasa unataka nini tena, tuibatize?"

Mama Odile alicheka kidogo, akaacha. Niliweka kisanduku cha artesunate mezani, nilichoazima hospitalini, cha kufundishia, kilichopita muda wake. Nikaweka sindano.

"Nataka mmoja wetu aitengeneze," nilisema. "Mtoto ana kilo kumi. Mmoja wetu tu, mbele ya wengine. Akiona mahali pa kuhesabu matone, nitapiga chapa leo hii."

"Hii haiko darasa," alisema Prezida.

"Hapana. Ni sisi tunaosahihisha darasa."

Prezida aligusa kalamu zake. Mama Odile alisema yeye ni mtu wa anatomia. Basi Papa Ilunga akasogeza kiti.

"Leta," alisema. "Munapiga kelele juu ya kintu kidogo."

Nilikuwa nimeona mikono ile ikifanya kazi mara nyingi. Alisoma maandishi ya kisanduku akiwa ameyashika mbali na macho. Alivunja ampule bila kujikata. Aliyeyusha unga, akangoja, akaongeza maji ya pili, kila kitu kwa mpangilio, kwa sababu Papa Ilunga ni mtu anayesoma kabla ya kutenda, hata akiwa na hasira. Alipiga hesabu kwa midomo. Akavuta nusu kwenye sindano, akaiinua kwenye mwanga, akatoa hewa.

"Njo hii. Hakuna matone, kweli. Mama iko na haki."

Halafu, bila kufikiri, akakata kipande cha plasta, akafunika mdomo wa chupa, akaisogeza pembeni ya meza, mahali salama ambapo haitaangushwa.

"Hiyo ni ya nini, Papa?" niliuliza.

"Nusu ya mangaribi, ya sindano ya pili."

Ripoti yangu ilikuwa mbele yao wote, na ukurasa wa tatu ulikuwa wa mtoto wa ziwani. Papa Ilunga aliiangalia chupa, akaniangalia mimi, akaiangalia tena chupa. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha kuvunja lile kabati, na sasa nilitamani asingeichukua ile plasta. Alikuwa amewauguza watu wa mji huu muda mrefu kuliko umri wangu.

Aliibandua plasta polepole. Akasimama, akaenda dirishani, akaimwaga dawa nje kwenye majani.

"Miaka yote," alisema akiwa ametugeuzia mgongo, "nilikuwa nabaambia batoto baende mu wodi baangalie. Minye mwenyewe niliacha kwenda lini?" Akarudi, akachukua ufunguo wa kabati kutoka mfukoni, akauweka mbele yangu. "Futa ile swali. Andika ingine. Na jibu ya uongo ya kwanza," akagusa plasta, "unaijua."

Akaongeza, na hili nataka mlikumbuke kwa sababu alikuwa sahihi: "Lakini uache kwinini fasi kidogo. Kisanduku inaweza kukosa. Siku ile banapashwa kujua kuhesabu." Nikaacha. Alama mbili, mwishoni.

Mwaka ule niliandika namba saba mwenyewe. Furaha aliandika jibu lake. Karatasi haikusahihishwa na mimi, niliutambua mwandiko nikakataa kuigusa. Aliisahihisha Papa Ilunga bila kujua ni ya nani. Ilipata alama zote. Nilipounganisha namba na majina nilitoa kwenye sanduku karatasi yake ya mwaka uliotangulia, nikaziweka mbili pamoja. Zilikuwa karibu sawa neno kwa neno. Hata mama anayelia alikuwemo. Moja ilikuwa na sifuri yangu, nyingine alama kamili.

Nilizipeleka kwa Prezida. Niliomba kitu kimoja: orodha ya mwaka uliopita irekebishwe, iandikwe kwamba alipita wakati ule. Alizisoma zote mbili, simnyimi haki hiyo.

"Jibu ni sawa," alisema. "Lakini mwaka ule haikuwa jibu. Orodha imefungwa, mama. Na amepita sasa. Anakosa nini?"

"Mwaka mmoja."

"Ni kijana. Miaka iko mingi."

Sikubishana. Nilirudisha ufunguo kwa Papa Ilunga, nikaandika barua ya mistari miwili, nikatoka. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Mtu aliyejua kwamba jibu ni sahihi, na bado akaona ni sawa mtu mwingine alipie kosa letu kwa mwaka wake, sikuweza kuketi naye meza moja. Na nilijua vilevile kwamba mwaka mmoja kabla, nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, nilikuwa nimesema maneno yaleyale kama yake, ila kimyakimya.

Mwezi uliopita nilikwenda ziwani. Furaha anafanya kazi huko sasa, na Trésor bado yupo. Kuna jambo ambalo sikulijua nilipokuwa kamatini, nanyi hamtaambiwa shuleni: mkuu wa kituo akiondoka, anayeshika nafasi yake ni mwenye diploma ya zamani zaidi. Mama Ngalula alikuwa amekwenda kwenye chanjo. Kwa hiyo mkubwa wa kituo siku hiyo alikuwa Trésor, kwa sababu diploma yake imeitangulia ya Furaha kwa mwaka mmoja.

Kulikuwa na mtoto kitandani, na kisanduku mezani. Furaha alimwuliza mama uzito wa mtoto, hakumwamini, akampima mwenyewe. Akatengeneza, akachoma polepole akiangalia uso wa mtoto na siyo sindano. Chupa ilibaki na nusu.

"Mama muganga," alisema mama wa mtoto, "ile yenye imebakia, mumuchome nayo mangaribi."

"Mangaribi tutafungua ingine, mama. Hii sasa ni maji tu."

Furaha akampa Trésor ile chupa. Kituo kina desturi hiyo siku hizi, aliniambia baadaye: anayechoma hamwagi mwenyewe, mkubwa wa zamu ndiye anayemwaga na kutia sahihi. Ilikuwa amri ya kwanza aliyoitoa Trésor alipoachiwa kituo, na hakueleza sababu. Alikwenda nayo kwenye sinki, akaigeuza, akangoja mpaka tone la mwisho lidondoke, akaandika saa kwenye daftari na jina lake mbele. Mkubwa wa Furaha kwa mwaka mmoja.